Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutoka Uanafunzi wa Udaktari Kuingia Utarajali, Zanzibar

Mitihani ya mwisho ya udaktari ikimalizika, simu yangu haipoi. Nilipita utarajali, nikafanya kazi Unguja na Pemba, na sasa nasimamia watarajali wodini. Wadogo zangu wa mwaka wa tano wanalijua hilo na wananiuliza bila ya haya. Maswali ni yale yale kila mwaka, basi nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa. Nimejibu kwa urefu pale ninapoona watu wanaumia, na kwa ufupi pale ambapo utajifunza mwenyewe siku ya pili.

Utarajali ni nini, na huchukua muda gani?

Ni mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, baada ya digrii ya miaka mitano na kabla ya usajili kamili. Utazunguka idara nne kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Kuna jambo huwachanganya waliosoma Dar es Salaam, Moshi au Mwanza: afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya na baraza lake la madaktari. Ukitaka kufanyia utarajali huku, karatasi zako zifuatilie huku, na mapema. Usisubiri mahafali yapite ndipo uanze kutafuta picha za pasipoti na nakala za vyeti.

Nimefaulu masomo yote. Mbona naogopa?

Kwa sababu una akili. Mtihani ulikuuliza utafanya nini, na ukajibu "ningempa". Sasa muuguzi amesimama mbele yako na sindano mkononi, anasubiri uandike "mpe". Ujuzi ni ule ule, mzigo ndio umehama.

Wengi hudhani tiba ya hofu hii ni kusoma zaidi. Hujifungia na vitabu wiki mbili, wanaingia wodini macho mekundu, na hofu iko pale pale. Kinachopunguza hofu ni kujua mambo matatu: dharura chache kwa moyo pamoja na vipimo vya dawa zake, namna ya kumwita mkubwa, na namna ya kukabidhi mgonjwa. Mengine yote unaweza kuyatazama kitabuni mgonjwa akiwa amelala salama.

Basi nisome nini hasa?

Dharura ambazo hazikupi muda wa kufungua simu. Kifafa cha mimba, mama anayetoka damu baada ya kujifungua, mtoto mchanga asiyelia, degedege, sukari iliyoshuka, pumu iliyobana, mshtuko wa kuishiwa maji au damu. Hizo saba ukizijua vizuri, utalala.

Kujua vizuri ni kujua mpaka kwenye chupa. Chukua kifafa cha mimba. Kila mwanafunzi atakwambia "magnesiamu salfeti". Muulize: utaichanganya vipi? Ananyamaza. Chupa nyingi utakazozikuta zina nguvu ya asilimia 50, yaani gramu 1 katika mililita 2. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4, basi unavuta mililita 8 za dawa na mililita 12 za maji ya sindano. Unapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20, unazisukuma polepole, dakika 5 mpaka 20. Kisha gramu 5 kila tako, ndani kabisa ya msuli, pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ili isimuunguze. Baada ya hapo gramu 5 kila saa nne, tako moja baada ya jingine. Kabla ya kila dozi unagonga goti uone kama mguu unaruka, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na unatazama mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe imewekwa pale pale mezani. Ikiwa imefungiwa kwenye kabati na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kusali, kwako wewe haipo.

Mama anayetoka damu: oksitosini uniti 10, kusugua tumbo la uzazi, kibofu kitupu, na asidi ya traneksamiki gramu 1 ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Mtoto asiyelia: mkaushe, mchangamshe, na asipopumua awe ameanza kupewa pumzi kwa begi na barakoa kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Mazoezi haya yafanye kwenye mwanasesere mpaka mkono ufanye wenyewe.

Halafu soma mwongozo wa tiba unaotumika pale utakapofanya kazi. Ukiona karatasi ya dozi imebandikwa ukutani inatofautiana na kitabu chako, uliza kabla hujaandika.

Homa si malaria tu?

Hapana, na kosa hili huwapata sana waliozoea kusoma wodi za Bara. Malaria ya Zanzibar ilishuka sana baada ya vyandarua, kupulizia dawa majumbani na dawa mseto kuanza katikati ya miaka ya 2000. Haijaisha, na huja na wasafiri. Kwa hiyo mpime kila mwenye homa, muulize kama amelala nje ya kisiwa wiki za karibuni, na kipimo kikisema hana, usimpe dawa ya malaria kwa ajili ya kuondoa lawama. Tafuta mapafu, mkojo, uti wa mgongo, jipu. Ukimwona mtoto wa skuli analalamika mkojo una damu, kumbuka kichocho, muulize anaogea wapi.

Kazi za mikono nimezifanya mara chache. Nitachekwa?

Kidogo. Wiki ya kwanza utakosa mishipa, na bibi mmoja atakwambia, "Mwanangu, niitie yule sista." Mwite. Simama pembeni utazame anavyoshika kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Kabla hujamaliza mwaka wa tano, omba kutia kanula, kuweka katheta, kutoa damu na kushona, tena mbele ya mtu anayekusahihisha.

Ila mkono mzito hauui kama chupa iliyoandikwa jina siyo. Visiwani kwetu majina yanarudiwa. Siku moja wodini nilikuwa na kina Fatma Ali watatu, wawili vitanda vya jirani, na mmoja alikuwa anasubiri damu. Muulize mgonjwa majina matatu, umri, na shehia anayotoka, na mwache ayataje yeye mwenyewe. Ukimuuliza "Wewe ni Fatma Ali?" mgonjwa mwenye homa ataitika jina lolote. Andika chupa ya damu hapo hapo kitandani, baada ya kutoa damu. Chupa zilizoandikwa majina kabla na kuwekwa mfukoni ndizo zinazopeleka damu ya kundi siyo kwa mtu siyo.

Kuandika maagizo kuna siri gani?

Saa. Sisi tunahesabu kuanzia asubuhi, saa mbili yetu ni 8:00, na faili linahesabu saa 24. Ukiandika "dozi nyingine saa 8" umemwachia muuguzi kitendawili: ni saa nane mchana au 8:00 asubuhi? Andika 14:00 na useme kwa mdomo "saa nane mchana". Mgonjwa anayeruhusiwa mwambie kwa saa zake, bora zaidi kwa swala: kidonge cha baada ya alfajiri na cha baada ya isha hakisahauliki.

Kingine: andika jina la dawa kamili, usikate. Na potasiamu usiiandike kamwe kama sindano ya kusukuma mshipani. Huwekwa ndani ya dripu, ikaenda taratibu.

Namwita vipi bingwa usiku wa manane? Akinigombeza?

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Wagonjwa wanaoharibika mikononi mwa watarajali, mara nyingi mtarajali alikuwa ameshaona kwamba hali si nzuri. Alichelewa kupiga simu. Aliona haya, akasema ngoja nijaribu kidogo, ngoja kuche.

Simu mbaya husikika hivi: "Dokta samahani kukusumbua, kuna mama huku presha yake iko juu kidogo, sijui..." Bingwa aliyeamshwa usingizini hajui mama gani, juu kiasi gani, wala unataka nini. Atakujibu, "Mwangalie mpaka asubuhi," na wewe utashusha pumzi kana kwamba umesaidiwa.

Simu nzuri hii hapa: "Shikamoo dokta, ni mtarajali wa zamu, wodi ya wazazi. Nina mama wa miaka 24, mimba ya kwanza, wiki 37. Kaingia nusu saa iliyopita, presha 170 kwa 115, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu. Mkojo una protini ya alama tatu. Hana historia ya presha kabla ya mimba. Naona yuko ukingoni mwa kifafa cha mimba. Nimeshampa magnesiamu ya kuanzia, naomba nimpe haidralazini miligramu 5 mshipani taratibu, na naomba uje umuone." Sekunde arubaini. Nini kinatokea, nini kilitangulia, wewe unaona ni nini, unaomba nini. Mpangilio huu ulitoka kwa wanamaji wa manowari za nyuklia za Marekani kabla ya kuingia hospitalini.

Andika vipimo kwenye karatasi kabla ya kupiga. Akikwambia fanya hivi, mrudie maneno yake, kisha andika kwenye faili saa uliyopiga na alichosema. Asipopokea, piga tena, kisha mpigie anayefuata. Kuhusu kugombezwa: utagombezwa. Niligombezwa mimi kwa kumwita daktari kwa jambo dogo, na asubuhi yake yule yule akanipitishia chai. Ambaye hakuitwa na mgonjwa akafa ndiye hasahau.

Wewe uliwahi kukosea?

Ndiyo, na nitasimulia kisa kimoja, hospitali yake siitaji. Ilikuwa Ramadhani. Mzee wa miaka kama sabini, mgonjwa wa sukari, anatumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, amefunga. Kaletwa kabla ya magharibi akiwa amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoungana. Nikabaki nimeshika faili natafuta historia. Sista mmoja mtu mzima alikuwa ameshamtoboa kidole: 1.8. Ameshavuta glukosi. "Dokta, nimpe?" Nikasema mpe. Mzee akafumbua macho, akauliza adhana bado? Nikajiona daktari.

Nikamkabidhi mwenzangu wa usiku kwa maneno manne: "Kitanda saba yuko vizuri." Saa tisa usiku sista wa zamu alimkuta anakoroma haamki, sukari 2.0. Dawa ile hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa zaidi. Glukosi ilikuwa imekwisha, dawa haijaisha. Alihitaji dripu ya glukosi na kupimwa kila saa usiku kucha, na mimi sikuandika hata mstari mmoja. Alipona. Nilimwendea asubuhi nikamweleza kilichotokea na nikamuomba radhi. Akasema, "Hamna neno mwanangu, ila huyo bibi wa usiku mpeni posho."

Sasa zamu inakabidhiwaje?

Kitandani, na kwa karatasi. Anza na wanaoweza kufa usiku. Kila mmoja: anaumwa nini, kumefanywa nini, kimebaki nini, na *ikitokea hivi fanya vile*. Hilo la mwisho ndilo nililoliacha mimi. Mwenzako akurudie alichosikia. Mwaka 2014 hospitali tisa za watoto za Amerika ya Kaskazini zilitangaza matokeo baada ya kuwafundisha madaktari wao wanagenzi ukabidhi wa mpangilio: makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Hawakununua mashine yoyote.

Nikae vipi na wauguzi na wakunga?

Toa salamu. Shikamoo haipunguzi udaktari wako. Mkunga aliyezalisha miaka ishirini akikwambia "Dokta, huyu simpendi," acha unachofanya, nenda kamtazame huyo mama.

Wagonjwa watanielewa? Mimi nimesoma kwa Kiingereza.

Tatizo kubwa ni wewe kuwaelewa. Mama akisema ana *chango*, anaweza kuwa na maumivu ya hedhi, maambukizi ya kizazi, au anakwambia kwa staha kwamba hapati mtoto. Mzee akisema *mshipa*, huenda ni ngiri, huenda ni busha, huenda ni kiuno tu. "Presha ya kushuka" mara nyingi ni kizunguzungu ambacho hakuna aliyekipima. Usimsahihishe. Muulize: kinaanzia wapi, kinakwenda wapi, kikikujia unafanyaje? Muulize pia, kwa upole, ameshatumia dawa gani za miti shamba. Ukimuuliza kwa dharau atakwambia hakutumia.

Atakuja na ukoo mzima. Mchague mmoja wa kuzungumza nawe, lakini ridhaa ya upasuaji ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake, hata kama mume amesimama mlangoni na kalamu.

Na mgonjwa akifariki?

Hakuna aliyenifundisha hili darasani. Waite ndani, wakae, usiwaambie koridoni. Sema neno lenyewe, "amefariki". Ukisema "hali imebadilika" watakuuliza amehamishiwa wodi gani. Nyamaza wakisema *Inna lillahi*, na wewe iseme nao.

Kisha ujue kwamba watataka kuzika leo hii, ikiwezekana kabla ya alasiri. Ndugu watasimama mlangoni wakisubiri karatasi yako. Usiwacheleweshe, na usiijaze ovyo kwa haraka hiyo. Sababu ya kifo haiwi "moyo kusimama", kila anayekufa moyo husimama. Andika kilichousimamisha, na kilichokileta hicho.

Zamu na saumu vinakwenda pamoja?

Wengi wetu tumefunga na kufanya kazi. Panga daku yako, na ukijiona mkono unatetemeka, usiingie kushika kisu. Sema.

Nikipelekwa Pemba?

Nenda ukiwa na furaha. Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China, na mtarajali kisiwani hushika kazi kwa mikono yake zaidi kuliko aliyezungukwa na mabingwa. Ila jiandae na msimu wa mchumo. Karafuu zikiiva, wachumaji wanaanguka. Mkarafuu ni mrefu na matawi yake hukatika bila ya kuonya. Mtu ataletwa nyuma ya gari ya shamba, amekunjwa, ndugu wanamshikilia kwa mapenzi yote kichwa kikining'inia. Kabla hujauliza jina, shika kichwa na shingo visitikisike. Mgeuzeni kwa pamoja, watu wanne, kwa hesabu. Mwambie achezeshe vidole vya miguu na uandike alichoweza saa hiyo, kwa sababu kesho mtu atataka kujua kama alifika hivyo au aliharibikia kwenu.

Rufaa kwenda Unguja inavuka bahari. Piga simu kwanza, mjue wanampokea. Barua iseme dawa alizopewa na saa zake. Hakikisha kanula inafanya kazi, na kwamba anayefuatana naye anajua kumsaidia akibadilika njiani.

Sindano ikinichoma?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue. Toa taarifa hapo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze haraka, ndani ya saa chache ikiwezekana na si zaidi ya saa 72, kisha siku 28 bila ya kuruka. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu kwa miezi sita. Ukianza kuitafuta siku ya kuripoti umeshachelewa, basi ianze sasa.

Posho ikichelewa?

Yangu iliwahi kuchelewa, na nilikula mihogo ya jirani mpaka nikaona haya kupita uani kwake. Weka akiba ya miezi miwili kama unaweza, na madai yenu yapelekeni kwa pamoja, kwa maandishi.

Vyuo vyetu vingeweza kututayarisha zaidi?

Vingeweza, na bila ya fedha nyingi. Uingereza, tangu 2012, daktari mpya hulipwa angalau siku nne za kumfuata kama kivuli yule anayempokea kazi, kabla hajaanza. Jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, mwaka 2014 iliorodhesha kazi 13 ambazo mhitimu anatakiwa aweze kuzifanya siku ya kwanza bila ya kusimamiwa karibu, miongoni mwake kuandika maagizo, kukabidhi mgonjwa na kumtambua anayehitaji msaada wa haraka. Hapa kwetu wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar, tayari wanapita wodi za Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kinachokosekana ni kuwaweka usiku. Wiki mbili za mwisho za mwaka wa tano, mwanafunzi akae zamu nzima ubavuni mwa mtarajali, aandike maagizo ambayo mwenzake atayasaini, apige yeye simu kwa bingwa. Kama chuo chako hakijalipanga hilo, mtafute mtarajali unayemjua, muombeni ruhusa msimamizi wa wodi, mwende naye. Mimi sijawahi kumkatalia mtu.

Siku ya kwanza nibebe nini?

Kalamu mbili, moja itaibiwa. Daftari la mfukoni lenye zile dozi, kwa mwandiko wako. Stethoskopu yenye jina lako. Tochi ndogo, umeme unakatika. Chupa ya maji, tende kidogo. Namba za simu za mabingwa wa zamu, maabara, benki ya damu na chumba cha upasuaji ziandike nyuma ya daftari, betri ya simu ikiisha uzisome. Na viatu vya kufunga mbele vinavyofutika. Makubadhi yaache nyumbani.